Mkitaka Safari ya Mitumbwi Idumu, Shukeni Ufukoni Saa Tisa

SWALI: Shikamoo mzee. Sisi ni marafiki wanane tunaoishi Kansas City. Wengine wametoka Tanga na Mombasa, wengine Bukavu na Uvira. Mwaka jana, mwezi wa saba, tulikodi mitumbwi minne kwenye Mto Current, kusini mwa Missouri. Tulianzia Akers, tukamalizia Two Rivers siku ya tatu, tukilala kando ya mto na kujipikia wenyewe. Siku ya kwanza tulifika kambini giza limeshaingia. Pilau iliungua chini, juu ikabaki mbichi. Siku ya pili nyama ikaanza kunuka, tukalalia biskuti. Wawili kati yetu wameapa hawarudi. Waliobaki tunataka iwe ada ya kila mwaka. Tununue vifaa gani?

JIBU: Marahaba. Msinunue kitu kwanza. Matatizo matatu uliyoyataja, giza, pilau na nyama, nayaona kuwa ni tatizo moja: mlikuwa na njia ndefu kuliko mchana mliokuwa nao.

Tupige hesabu. Kutoka Akers hadi Pulltite ni kama kilomita 15, Pulltite hadi Round Spring nyingine 15, na Round Spring hadi Two Rivers kama 28. Jumla inakaribia 60. Mtumbwi uliobeba watu wawili, hema, deli la barafu na magunia ya vyakula huenda kilomita nne au tano kwa saa, na hapo ni kama makafi hayapumziki. Mkisimama kuogelea, kupiga picha, kumsubiri aliyekwama kwenye changarawe, saa moja inawapa kilomita tatu. Siku ya kwanza nayo huwa si siku kamili: kuna kuendesha gari kutoka mjini, kujiandikisha kwa mkodishaji, kuegesha magari na kupakia. Kikundi cha watu wanane kikigusa maji kabla ya saa saba mchana kimejitahidi. Toa kilomita 20 hapo uone mtafika saa ngapi.

Kwa siku tatu na usiku mbili, nawashauri mwanzie hapohapo Akers lakini mmalizie Round Spring. Ni nusu ya njia mliyokwenda, na ndiyo nusu iliyo tamu zaidi. Siku ya kwanza pigeni kafi mpaka mpite Cave Spring, karibu katikati ya njia ya kwenda Pulltite. Hapo chemchemi inatokea ndani ya pango, na mtumbwi unaingia kabisa mpaka chini ya mwamba. Mwaka jana nadhani mliipita mbio. Siku ya pili piteni Pulltite, mtafute pa kulala mbele kidogo. Siku ya tatu inabaki safari ya asubuhi tu, na saa sita mchana mmeshapakia magari.

Sheria ninayowapa vikundi vyote ni kwamba saa tisa alasiri makafi yanawekwa chini. Hata kama fungu zuri la changarawe limetokea saa nane na nusu, chukueni hilohilo. Saa kumi na moja mafungu mazuri yote huwa yameshakaliwa, hasa Jumamosi ya mwezi wa saba, na nyinyi mtaishia kwenye kile kipande cha chini chenye matope ambacho kila mtu amekipita.

Na pa kulala ndipo penye uzito kuliko jiko. Mto Current na mwenzake Jacks Fork wako chini ya hifadhi iliyoundwa na Bunge la Marekani mwaka 1964, na kulala kwenye mafungu ya changarawe kunaruhusiwa mradi mjitenge na kambi rasmi. Ila mto huu, pamoja na utulivu wake wote, una milima pande zote mbili, na mvua ikinyesha huko juu maji yanakuja usiku bila kupiga hodi. Mwishoni mwa Aprili 2017 mvua kubwa ilinyesha, na ilipofika Mei mosi maji pale mjini Van Buren, chini zaidi kwenye mto huuhuu, yalikuwa yamepanda kupita futi 37. Rekodi ya awali, ya mwaka 1904, ilikuwa futi 29. Jimbo la jirani, Arkansas, Juni 2010, mto mdogo uitwao Little Missouri ulifurika alfajiri kwenye kambi ya Albert Pike, ukaua watu 20. Wengi walikuwa wamelala.

Kwa hiyo mkishuka, kabla hata ya kushusha deli, mmoja wenu atembee fungu zima. Atazame juu, kwenye matawi ya miti ya ukingoni. Akiona majani makavu, nyasi na vipande vya plastiki vimenasa matawini, basi ajue maji yalishafika pale. Hilo halimaanishi mkimbie, maana mtaona alama hizo karibu kila mahali. Linamaanisha mjue njia ya kutokea. Fungu ambalo nyuma yake kuna mteremko wa kupanda kuingia msituni ni fungu la kulala. Fungu lililozungukwa na maji pande zote, yaani kisiwa, ni la kulia chakula cha mchana tu. Hema zipigwe sehemu ya juu kabisa. Mitumbwi ivutwe juu, ipinduliwe, ifungwe kamba kwenye mti ulio hai. Kisha chomekeni kijiti pale maji yanapoishia. Atakayeamka usiku kwenda haja akimulike kwa tochi. Kijiti kikiwa kimezama na maji yamegeuka rangi, waamsheni wote mhamie juu, vyombo mtavifikiria baadaye.

Sasa tuje jikoni.

Sisi tuliokulia kwenye mafiga tukiona mawe ya mto, mkono wenyewe unaokota matatu. Acheni. Jiwe lililokaa majini limenyonya maji kwenye nyufa zake. Likipata moto maji yale yanageuka mvuke, jiwe linapasuka, na vipande vinaruka vikali kama vya chupa. Kama lazima mtumie mawe, yatoke juu kabisa ya fungu, yaliyokaukia juani kwa muda mrefu. Kuni ziwe zile zilizoanguka na kukauka au zilizoletwa na maji. Msikate mti, wala msibebe kuni kutoka mjini: kuna mdudu wa kijani anayetoboa na kuua miti, aligunduliwa Missouri mwaka 2008, na husafiri ndani ya kuni za watu.

Ila kuni ziwe za kuota moto na kuchoma mishkaki. Pilau yenu iliungua chini na kubaki mbichi juu kwa sababu mliipika juu ya miali ya kuni, kwenye sufuria nyembamba, huku upepo wa mtoni ukiupoza mfuniko. Moto ulikuwa upande mmoja tu. Bibi zetu walilijua hilo ndiyo maana wakapalia makaa. Wamarekani nao wanayo sufuria iliyotengenezwa kwa kazi hiyohiyo: ya chuma kizito, ina miguu mitatu mifupi, na mfuniko wake una ukingo ulioinuka ili makaa yasidondoke. Hiyo ndiyo kitu pekee nitakachowaruhusu kununua. Yenye upana wa inchi 12 inabeba lita zaidi ya tano, na inatosha kilo moja ya mchele na kilo moja ya nyama. Watu wanane mtashiba.

Pilau yenyewe ianzie nyumbani. Siku mbili kabla ya safari, kaangeni vitunguu mpaka viwe rangi ya kahawia iliyokolea, tieni saumu, tangawizi na bizari ya pilau, chemsheni nyama humo mpaka iive kabisa. Ikipoa, iwekeni pamoja na supu yake kwenye mifuko minene ya plastiki ya zipu, mfuko ndani ya mfuko, ilazeni bapa kwenye friza. Itakuwa matofali. Matofali hayo yatafanya kazi ya barafu mpaka siku ya kupikwa.

Kule mtoni, washeni vile vipande vya mkaa vya dukani vinavyolingana ukubwa, si vile vilivyolowekwa mafuta, maana harufu yake inaingia kwenye wali. Vikishafunikwa na jivu jeupe, kama dakika 20, tandazeni 18 hivi chini ya sufuria. Tieni tofali la supu, liyeyuke, lichemke vizuri dakika kadhaa. Onjeni chumvi sasa, maana baadaye hamfungui. Tieni mchele uliooshwa na kuchujwa, ongezeni maji ya moto mpaka yapite mchele kwa kiasi cha pingili moja ya kidole. Acheni uchemke bila kufunika. Maji yakishuka mpaka usawa wa mchele, vile vishimo vidogo vikianza kutokea juu, hapo ndipo mtu mwingi hukosea kwa kuongeza moto. Nyinyi punguzeni. Kwa koleo ondoeni makaa ya katikati yote, bakizeni saba tu yaliyopangwa duara chini ya ukingo wa sufuria. Yale mengine, kama 11, yapandisheni juu ya mfuniko.

Baada ya dakika kumi, shikeni sufuria muizungushe robo upande wa kulia, na mfuniko robo upande wa kushoto. Kwa nini? Kwa sababu upande unaopigwa na upepo makaa yanawaka kwa kasi zaidi, na bila kuzungusha mtapata robo moja ya ukoko mweusi. Kumi nyingine, imeiva. Mfuniko unyanyuliwe kwa ndoano, ukiwa bapa kabisa, na kabla ya kuunyanyua mpulize jivu likae mbali na ukingo. Nimeona pilau nzuri ikimwagiwa jivu hatua ya mwisho kabisa, na mpishi akatazamwa vibaya mpaka asubuhi. Mkiutumia mkaa huohuo kuokea mkate au kuku, kanuni inayotumika ni vipande 15 juu na tisa chini kwa sufuria ya inchi 12. Hiyo inatoa joto la kama nyuzi 175 za Selsiasi.

Nyama kunuka. Naweza kubashiri mlikuwa na deli moja, ndani mna soda, maji, nyama na matunda, na mitumbwi minne yote ikawa inalisogelea kila nusu saa. Kila likifunguliwa barafu inakufa. Chukueni mawili. La vinywaji fungueni mpendavyo. La chakula lifungwe kwa mkanda, lifunguliwe mara moja asubuhi na mara moja jioni, basi. Chini kabisa vilale vyakula vya usiku wa pili, juu vya usiku wa kwanza. Barafu iwe ya vipande vikubwa: chupa za maji za lita mbili zilizogandishwa zinafaa kuliko barafu ya punje, haziloweshi chakula, na zikiyeyuka mnakunywa. Mchana deli likae chini ya kivuli, likiwa limefunikwa taulo bichi.

Kuna wazo linalowajia wengi, la kuzamisha nyama kwenye maji ya chemchemi kwa kuwa yanauma mkono kwa baridi. Chemchemi za huku hutoa maji ya nyuzi 14 hivi za Selsiasi mwaka mzima. Soda itapoa, nyama itaharibika. Nyama inataka chini ya nyuzi tano. Chakula kilichopikwa nacho kisikae nje zaidi ya saa mbili, na siku ya joto la kupita nyuzi 32 ni saa moja tu. Wali uliolala usiku kucha sufuriani msiupashe asubuhi. Najua inauma kumwaga pilau, lakini kuharisha ndani ya hema kunauma zaidi. Pikeni kwa kipimo.

Kwa usiku wa kwanza chomeni: mishkaki iliyolowekwa viungo na kugandishwa nusu, pamoja na mahindi na kachumbari. Usiku wa pili pilau ya tofali. Asubuhi chai ya maziwa na chapati zilizopikwa nyumbani, zinapashwa tu. Mchana msiwashe moto hata kidogo. Njugu, ndizi, mikate, mayai ya kuchemsha yaliyotunzwa kwenye deli, mnakula miguu ikiwa majini. Wale wa Bukavu wakitaka sombe, ipikwe nyumbani na kugandishwa vilevile. Na kuweni na kilo moja ya dengu na pakiti za dagaa wakavu pembeni, kwa siku ambayo mtumbwi wa chakula umepinduka. Maji ya kunywa bebeni. Yakiisha chemsheni ya mto yatokote dakika nzima, hata kama yanaonekana safi kiasi cha kuhesabu kokoto. Nchi hii ni ya mawe ya chokaa yaliyojaa mapango, na kinachomwagwa kwenye shamba la mtu mbali huko kinaweza kutokea kwenye chemchemi bila kuchujwa.

Chupa za vioo zinakatazwa kisheria kwenye mitumbwi ya Missouri. Madeli ya povu jeupe, yale yanayovunjikavunjika, nayo marufuku, na kila mtumbwi wenye chakula na vinywaji uwe na mfuko wa taka uliofungwa. Vyombo vioshwe mbali na mto, hatua 70 au zaidi, maji machafu yamwagwe kwenye udongo. Usiku msiache hata mfupa nje. Rakuni wa huku wana vidole vyepesi na wanafungua deli lisilofungwa mkanda.

Jambo moja linawahusu sana nyinyi wapenda nyama, na sijui kama mkodishaji aliwaambia. Misitu ya Missouri imejaa kupe wa aina ambayo jike lake lina doa jeupe mgongoni. Akikung'ata, mwili wa baadhi ya watu hujenga mzio dhidi ya sukari iliyomo katika nyama ya wanyama wanaonyonyesha: ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe. Mtu anakula nyama choma saa mbili usiku, halafu kati ya saa mbili hadi sita baadaye anatoka vipele, anatapika, au anabanwa pumzi. Kwa sababu ya kuchelewa huko, wengi hawaunganishi na chakula. Kuku na samaki hawana shida. Vaeni suruali ndefu mnapoingia msituni kutafuta kuni au kujisaidia, nguo zipuliziwe dawa ya permethrini siku moja kabla, na jioni kila mtu ajikague makwapani, kinenani na nyuma ya masikio. Mkimkuta kupe, mshikeni kwa kibano karibu na ngozi, vuteni taratibu moja kwa moja. Msimchome kwa moto.

Kuhusu mto wenyewe, kuna hatari moja inayozidi zote: mti ulioanguka na kulala majini, hasa kwenye kona ya nje. Maji yanapita kati ya matawi, mtu hapiti. Kaeni upande wa ndani wa kona, na mkiona hamna njia, shukeni mvute mtumbwi kwa miguu. Kama mmeshaugonga, egemeeni upande wa mti. Anayekwepa kwa kuegemea upande maji yanakotoka ndiye anayepinduka. Jaketi la kuelea ni lazima liwemo kwa kila mtu, na mtoto aliye chini ya miaka saba ni lazima alivae. Mimi nasema hata mkubwa alivae. Limewekwa kwa kuvaliwa, halikuletwa kukaliwa.

Sasa wale wawili walioapa. Sitashangaa kama ndio waliopika na kuosha siku zote tatu. Katika kila kundi kuna wawili wanaojua jiko, na wengine sita wanaojua kusifia. Safari ya marafiki huvunjika hapo, si majini. Gawaneni kwa usiku: kila usiku una mpishi mmoja anayeamua, msaidizi wake, na waosha vyombo wawili ambao hawakugusa sufuria. Wanne waliobaki wapige hema zote, walete kuni na kufunga mitumbwi. Mpishi wa usiku ndiye anayenunua chakula cha usiku wake, kwa pesa za mchango uliokusanywa mapema, ili asije mtu akanung'unika kwamba nyama ilikuwa ndogo. Usiku unaofuata zamu zinageuka. Wale wawili wapeni usiku wa kwanza bila kazi yoyote, wakae kwenye viti na miguu yao majini, mkishindwa kupika vizuri watajionea wenyewe.

Mwezi badilisheni. Baada ya wikiendi ya sikukuu ya wafanyakazi mwanzoni mwa Septemba, mto unakuwa mtupu, joto limepungua, mbu pia, na kwa kuwa mto unalishwa na chemchemi maji yanabaki ya kutosha sehemu hiyo ya Akers. Kabla ya kuondoka tazameni vipimo vya kina cha mto vinavyotolewa na serikali mtandaoni, pamoja na utabiri wa mvua wa siku zote tatu, na si wa pale mnapolala tu bali wa huko juu Montauk mto unakoanzia. Mvua kubwa ikitabiriwa, ahirisheni. Mkodishaji mwenye akili atawaunga mkono.

Mkishapita Akers simu hazishiki mtandao. Mwachieni mtu mmoja mjini karatasi yenye majina ya wote, idadi ya mitumbwi, mahali pa kuanzia, pa kumalizia, na saa ya mwisho mnayotarajiwa kumpigia. Mchagueni anayeweza kuwapigia simu walinzi wa hifadhi saa hiyo ikipita, si yule atakayesema, "Waacheni, labda wamenogewa."